Kiberiti cha Siku ya Nne

Barua ya Delhi ilifika kwenye simu, lakini Chaitra aliichapisha karatasini kwanza ndipo akapanda basi la kwenda kwao, kwa sababu Byrappa, baba yake, hakuwahi kuamini jambo lolote lililokaa ndani ya simu. Aliingia nayo mpaka jikoni na viatu miguuni. Katika nyumba ile, kuingia jikoni na viatu ni kumtafuta mama ubaya, na siku nyingine yoyote Gowramma angemfukuza kwa mwiko. Siku hiyo alimtazama binti yake usoni mara moja tu, akaendelea kusonga ugali wa ulezi huku akitabasamu.

Miaka mitatu walikuwa wakiingoja barua hiyo. Miaka mitatu Chaitra alikuwa na meza moja na kona ya maabara katika kituo atamizi cha chuo cha kilimo kule Bengaluru, mahali ambapo serikali huwalea vijana wenye mawazo makubwa na mifuko mitupu mpaka kampuni zao ziweze kusimama. Mkuu wa kituo, Bi Vasundhara, mwanamke mkali asiyependa kuona mtu akijihurumia, alimfundisha kuandika maombi ya ruzuku, kuyaandika upya, na kuyaandika tena upya baada ya kulia chooni. Na muda wote huo Chaitra alikuwa akiunda kitu kimoja tu, kisanduku cha ukubwa wa kopo la biskuti. Unachukua kinyesi kidogo cha viwavi wa hariri, unakikoroga kwenye tone la maji, unakitia ndani ya kisanduku, unangoja dakika kumi. Ikiwaka taa ya kijani, walishe. Ikiwaka nyekundu, wachome leo leo, osha nyumba, agiza mayai mengine.

Asiyefuga viwavi anaweza kuuliza, nyekundu ina faida gani? Ina faida kubwa. Kuna ugonjwa unaowatia viwavi madoa meusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa, na ukishayaona madoa kwa macho yako, umechelewa, wamekwisha kula majani yako yote na hariri hupati hata uzi. Lakini ukiujua mapema, katika zile siku tano za mwanzo, unapoteza viwavi wadogo wasiozidi unene wa sindano, na majani bado yapo shambani yanakungoja. Zamani ofisi ya hariri pale mjini ilikuwa na hadubini na mtu wa kuitumia. Mtu yule alistaafu, kiti chake kikakaa kitupu mwaka wa pili sasa, na hadubini ikafunikwa kitambaa utadhani maiti. Wafugaji wakabaki kubahatisha. Byrappa alibahatisha, akapoteza mavuno mawili mfululizo.

Jina la ugonjwa huo halitajwi ndani ya nyumba ya viwavi. Ukilitaja, umeliita. Chaitra alipokuwa na miaka sita aliwahi kulitamka mbele ya nyungo ambamo baba yake alilaza viwavi, akapigwa kofi, kofi pekee ambalo Byrappa alimpiga maishani. Wafugaji wana namna zao za kulizunguka. Viwavi wenyewe huitwa "wadogo," na hata katika mazungumzo ya ugonjwa, mtu husema wadogo wamekataa chakula, au wadogo hawalingani, na mwenzake anaelewa.

Basi jioni hiyo Chaitra aliwasomea wazazi wake barua, akiitafsiri mstari kwa mstari kutoka Kiingereza. Wizara imekubali. Kituo kitagawa visanduku arobaini vijaribiwe katika nyumba arobaini za wafugaji, msimu huu wa baridi. Vikifaulu, ruzuku kubwa itatoka na kiwanda kitaanza.

Byrappa aliuliza, kwa ule utulivu wake wa kuchokoza, "Sasa mama, hiyo serikali yako inaatamia kampuni kama kuku?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yai likiwa viza?"

"Wanalitupa."

"Ahaa," akasema mzee. "Basi si wajinga kama nilivyodhani."

Wakacheka wote. Kisha Chaitra akafika kwenye sharti la sita, sauti ikampungua. Nyumba zitachaguliwa kwa kura. Ndugu wa mwenye kampuni hawamo, si wa damu wala wa ndoa. Na kisanduku kikitumiwa popote nje ya orodha, jaribio zima litafutwa, maana kila kipimo kinajirekodi chenyewe pamoja na mahali kilipopimiwa.

Kila mmoja pale jikoni alijua maana yake, kwa sababu kila mmoja alijua habari ya Lokesha. Lokesha ndiye kaka mkubwa. Uwanja wa ndege wa Bengaluru ulikuwa umeivuta bei ya ardhi hadi kijijini kwao, na Lokesha, mwenye duka la simenti na midomo ya udalali, alikuwa amechoka na miforsadi, ile miti ya majani ya viwavi, na viwavi wenyewe. Baba na mwana walikuwa wamekubaliana mbele ya wazee: mavuno ya msimu huu yakifa kama mawili yaliyotangulia, Byrappa atatia saini, na shamba litakatwa viwanja. Yakipona, Lokesha hatalitaja tena neno viwanja mpaka baba yake azikwe. Shamba lile alilipanda babu yake Byrappa. Mzee hakuwa na kazi nyingine duniani wala hakuitaka.

"Sheria ni nzuri," Byrappa alisema hatimaye. "Mtu asijipimie nguo yake mwenyewe."

Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini Chaitra alikuwa na woga. Alimjua baba yake, na aliwajua majirani. Alijua kura inaweza kuangukia nyumba ya pili, na mtu mwenye dhiki hujikuta ameazima kitu kabla hajafikiri. Akasema, nusu utani, "Baba, niapie kwamba hata kikiwa hatua mbili kutoka mlangoni kwako hutakigusa."

Alitaka tu aseme ndiyo. Mzee akafuta mkono wake kwenye kitambaa cha begani, akaunyoosha, akauweka juu ya utosi wa mwanawe. Gowramma aliacha kusonga.

"Kwa kichwa cha mwanangu," akasema Byrappa, "sitakigusa."

Gowramma alinung'unika kwamba kiapo kama hicho hakiliwi kwa jambo dogo. Katika nchi ile aliyeapa kwa kichwa cha mtoto akavunja, deni hulipwa na mtoto. Wasomi wa mjini husema ni ushirikina. Haya, nitafutie msomi mmoja atakayeapa hivyo kwa mwanawe wa kumzaa halafu avunje, nami nitakubali ni ushirikina. Chaitra mwenyewe, na shahada zake mbili, alihisi uzito wa ule mkono hadi Bengaluru.

Kura ilipigwa. Nyumba zikapewa namba badala ya majina, ili mtu asipendelee mtu, na orodha ya majina ikafungiwa kabatini kwa Bi Vasundhara. Waliovisambaza visanduku vijijini walikuwa vijana wa chuo. Chaitra hakuruhusiwa hata kujua vimekwenda wapi. Aliona namba tu kwenye kioo cha kompyuta, na kila namba ikiwa na taa yake.

Siku ya Alhamisi wakaguzi watatu wakaja kutoka Delhi. Chaitra alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Alisimama nao mbele ya kioo akiwaeleza, na saa nne hivi asubuhi, mbele ya macho yao, namba ishirini na saba ikawaka nyekundu. Mkaguzi mkubwa alisogeza miwani. Bi Vasundhara akapiga simu papo hapo, na kutoka huko kijana wa chuo akathibitisha: sampuli imetazamwa kwa hadubini ya kubebwa, ugonjwa upo, mwenye nyumba anawachoma sasa hivi. Chumba kizima kilipiga makofi. Kitu alichokiunda Chaitra kwa mikono yake kilikuwa kimeona kisichoonekana.

Simu yake ikatikisika mfukoni. Ilikuwa Baba. Byrappa hakuwa mtu wa kupiga simu mchana, kwa hiyo alitoka ukumbini akaipokea, mlango ameushikilia kwa bega.

"Mama, una kazi?"

"Nina wageni, Baba. Kuna nini?"

Alisikia kule upande wa pili sauti ya majani yakiliwa, ule mchakacho kama mvua nyembamba juu ya bati, akajua baba yake amesimama ndani ya nyumba ya viwavi. Mzee alisita. "Leo siku ya nne," akasema. "Wadogo hawalingani. Wengine wamelala, wengine bado wanakula."

Hapo ndipo penyewe, na Chaitra atapakumbuka mpaka anaingia kaburini. Mtoto wa wafugaji, aliyepigwa kofi kwa jina la ugonjwa huohuo, alisikia maneno hayo na akayaelewa. Aliyaelewa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha ndani ya ukumbi mkaguzi mkubwa akaita jina lake, na ule uelewa akausukuma kando, kama mtu anayefunga droo kwa goti. Viwavi huweza kutolingana kwa sababu nyingi. Majani makavu. Baridi.

"Itakuwa baridi, Baba," alisema. "Huku nako kumepoa sana. Washa jiko la mkaa usiku, wapate joto. Nitakuja Jumapili na hadubini yangu nikutazamie."

"Baridi," Byrappa akarudia.

"Naamini ni baridi."

"Haya mama. Rudi kwa wageni wako."

Jumapili hakwenda. Wakaguzi walitaka kuona nyumba mbili za wafugaji wa wilaya ya mbali, nje ya jaribio, wakamtaka yeye mwenyewe awapeleke, na nani angewaambia watu wenye ruzuku mkononi kwamba ana safari ya kwao? Alimpigia mama yake. Gowramma alisema mzee yuko sawa, amehamishia kitanda chake katika nyumba ya viwavi ili achochee mkaa. Jumatatu kulikuwa na ripoti. Jumatano kulikuwa na ripoti ya ripoti. Alifika kwao Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya kumi na tatu, amebeba hadubini kwenye mkoba. Hakuifungua.

Haikuhitajika. Viwavi walikuwa wametapakaa kwenye nyungo, mkubwa huku, mdogo kule, wengine wamesinyaa na kupinda, na juu ya ngozi zao madoa meusi. Byrappa alikuwa ameketi kizingitini. Majani yote ya shamba yalikuwa yamekwisha kuliwa.

"Niliwawashia mkaa," alimwambia mwanawe. "Kila usiku."

Chaitra aliuweka mkoba chini. Walisaidiana kubeba nyungo hadi nyuma ya nyumba. Nyungo zile za mianzi zilikuwa za miaka mingi, nyingine zimesukwa na baba yake Byrappa, lakini ugonjwa huo haubakizi chombo, kila kitu lazima kiungue. Gowramma alimwaga mafuta ya taa. Byrappa ndiye aliyewasha, kisha akasogea mbali na moshi, akasimama ameupa moto mgongo mpaka ukaisha.

Jirani yao Akkayamma, mjane mwenye ulimi mrefu na moyo mzuri, alikuja kusimama ukutani. Kati ya ukuta wa nyumba yake na wa Byrappa hakuna hata hatua arobaini. Alimvuta Chaitra kando na kumwambia kila kitu, na kila neno alilolisema liliingia kama mwiba. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zilizoangukiwa na kura. Kisanduku chake kiliwaka nyekundu Alhamisi ile, saa nne asubuhi. Yeye na Byrappa walinunua mayai kwa mtu mmoja, siku moja. Alipokwisha kuwachoma wake alikimbia kwa Byrappa.

"Nilimwambia, kaka, lete kinyesi kidogo nikipime mimi, kwa jina langu, nani atajua? Akakataa. Akasema amekula kiapo kwa kichwa chako." Akkayamma alijifuta macho kwa pindo la sari. "Nikamwambia basi choma tu, kaka, choma bila kupima, mayai ni yaleyale. Akasema, hapana, mwanangu kasema ni baridi. Mwanangu ndiye anayejua."

Namba ishirini na saba. Chaitra aliwahi kuipigia makofi.

Msimu huohuo Akkayamma, aliyekuwa ameagiza mayai mengine, alipeleka sokoni vifuko vyeupe vya hariri, vizuri kuliko vya mwaka wowote. Mwezi uliofuata Byrappa alitia saini. Lokesha, kusema kweli, hakusimanga. Alimletea baba yake kalamu, akamngojea kimya, na alipotoka nje alionekana akilia nyuma ya pikipiki yake. Miforsadi iling'olewa kwa tingatinga siku mbili tu. Mzee aliomba nyumba ya viwavi na kibanda cha kuishi vibaki kwenye kipande cha mwisho, wakamwachia.

Jaribio lilifaulu. Katika nyumba arobaini, tano ziliwaka nyekundu na zote tano zikapona. Delhi wakaandika barua nzuri sana. Bi Vasundhara, ambaye hajawahi kumkumbatia mtu, alimkumbatia Chaitra mbele ya kituo kizima, akamwambia ruzuku imetoka na amwite baba yake kwenye sherehe, maana kila alipotetea kazi yake mbele ya jopo Chaitra alianza na picha ya Byrappa akiwa katikati ya nyungo zake. Ndipo Chaitra alipomweleza, ofisini, mlango umefungwa. Alisema yote, mpaka lile neno baridi. Bi Vasundhara aliweka kalamu chini.

"Mbona hukuniambia?" akauliza. "Hadubini haikukatazwa. Hata mimi ningempelekea."

"Najua," alisema Chaitra. Na kujua huko ndiko kulikomuua. Sheria haikumzuia kwenda. Kilichomzuia ni kutaka kuonekana na watu watatu wenye miwani.

Sherehe ilifanyika bila Byrappa. Alisema miguu inamuuma. Siku chache baadaye Chaitra alipanda basi kwenda kwao, mchana, na kwenye mkoba wake kulikuwa na kisanduku kimoja. Jaribio limekwisha, sharti la sita limekwisha, na mama yake alikuwa amempigia kusema kwamba mzee ameuliza, mara mbili, hicho kitu kinafananaje.

Aliwakuta uani. Alivua viatu mlangoni, akatandika gazeti juu ya kigoda, akakiweka kisanduku mbele ya baba yake. Byrappa alikizungukia kwa macho kwanza. Kisha akamuuliza kama kiapo kimekwisha.

"Kimekwisha, Baba. Wamenipa barua."

"Unayo?"

Alikuwa nayo. Alimsomea. Mzee akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka polepole, akaingia ndani hadi kwenye rafu ya picha za miungu, akarudi na kiberiti. Juu ya kiberiti, kwa kalamu ya wino wa buluu na maandishi yake ya kushindiliashindilia, alikuwa ameandika: *Siku ya nne. Kwa Chaitra, Jumapili.*

"Nilikuwekea," alisema. "Uje uwatazame na hadubini. Nikasahau kukichoma na vingine."

Ndani ya kiberiti kulikuwa na kinyesi kikavu, chembe kama baruti, na viwavi watatu waliosinyaa, wembamba kama nyuzi. Chaitra alitaka kumwambia, Baba, tafadhali, tusipime. Lakini mzee alikuwa ameinama karibu, mikono magotini, anangoja kama mtu aliyealikwa, na hakuweza kumnyima hata hilo. Akakoroga. Akatia. Akabonyeza.

Walingoja dakika kumi. Gowramma alitoka jikoni na vikombe vya kahawa, akaona wanachofanya, akavishikilia hivyohivyo.

Taa ikawaka nyekundu.

Chaitra alipiga magoti pale chini akamshika baba yake miguu, akalia kwa sauti, akisema nilielewa, Baba, uliponiambia hawalingani nilielewa, nikasema baridi kwa sababu walikuwa wananiita. Alirudia mpaka maneno yakapoteza maana. Byrappa hakuutoa mguu wake. Aliendelea kuitazama ile taa.

"Siku ya nne," alisema. "Na imewaona."

Aliuweka mkono wake juu ya utosi wa mwanawe, palepale alipouweka siku ya barua, akauacha hapo. "Mashine yako ni ya kweli, mama. Wauzie watu."

Kisha akanyanyuka. Alikuwa ameshika kiberiti cha wadogo wagonjwa, na mfugaji aliyeshika wagonjwa hunawa kwa maji ya chokaa kabla hajarudi kwenye nyumba ya viwavi, ndivyo alivyofanya miaka hamsini. Akavuka uani hadi kwenye beseni la chokaa mlangoni pa nyumba ya viwavi, akainama, akaingiza mikono. Lilikuwa kavu, halijajazwa tangu siku ile ya moto. Alibaki ameinama pale, mikono ndani ya beseni, na Chaitra akaenda kumwinua.